Asiyenunua Asikae

Hakuna kitu kingeweza kunishangaza mimi. Mtu aliyeanza kwa kuuza maji na punda mmoja Migwani, akafika kumiliki hoteli ya chai Kwa Vonza, meza sita na redio, ashangazwe na nini? Shule niliacha darasa la tatu, mwenyewe. Walikuwa wananipotezea wakati.

Ukutani nilimwambia fundi wa rangi aandike maneno mawili makubwa: ASIYENUNUA ASIKAE. Hiyo ilikuwa dawa ya wale wanaume wa kuja kusikiliza redio tu, hata maji hawaombi.

Mpishi wangu wa chapati alikuwa mama mmoja wa upande wa Mutomo, analea peke yake. Asubuhi moja akaja na kasichana kake ka miaka mitano.

"Mama, hapa si nasari. Kafungie nyumbani."

"Nilikafungia, mzee. Jana nimekakuta na kiberiti."

Nikakunja suruali nikamwonyesha kovu langu, kutoka goti mpaka kifundo. "Mama yangu alikuwa anavunja kokoto za barabara. Mimi nilijipikia maharagwe nikiwa kama haka. Sasa niangalie!"

Akaliangalia lile kovu sana. "Nimeangalia. Ndiyo maana nimekuja nako."

Nikamwonyesha yale maandishi, nikamsomea.

Kesho yake saa mbili kasichana kakaingia peke yake, kakapanda kiti, kakaweka shilingi mezani. "Chai."

Mteja utamfukuza vipi? Kikombe kimoja kakanywa mpaka jioni, kanapuliza hata chai ikiwa imepoa kabisa. Siku ya tatu kakaniita mbele ya watu: "Mzee, leo maziwa ni kidogo." Walicheka mpaka mmoja akamwaga supu.

Asi! Nikapandisha chai ikawa moja na nusu. Akili ya namna hiyo haifundishwi shule. Mtoto hakuonekana tena.

Lakini sasa mama yake, kila chapati mbili, anatoka nje kuangalia kwake kama kuna moshi, na huku nyuma moshi unatoka kwangu. Kufika saa sita wateja wote walikuwa wamevuka barabara kwa jirani, na wale wa redio pia.

"Mama, si ufiche hicho kiberiti?"

"Nimeficha, mzee. Lakini ana akili kama zako."

Nikamwambia akamlete, chai bure.

Akarudi peke yake. "Amekataa. Wateja walimsomea ukuta. Anasema bila shilingi hakai, yeye si kama wale wa redio."

Basi fundi wa rangi akaitwa. Yeye hulipwa kwa herufi, shilingi mbili kila moja, na alitaka kuandika "isipokuwa watoto wa wafanyakazi". Nikamwambia, rafiki yangu, mimi si mjinga: andika ILA MTOTO. Herufi nane, kumi na sita.

Mwizi yule akachomeka koma kabla ya ILA, akaihesabu kama herufi. Shilingi kumi na nane.