Kalekwa wa Foleni ya Bomba

Mjukuu wangu alikuja hapa Manundu kwa likizo akiwa amenuna. Nilidhani ni uchovu wa safari. Kumbe ni kitabu. Anafuatilia hadithi za watoto wanaosafiri kwa upepo kwenda nchi zisizojulikana, vitabu vinavyotoka kimoja baada ya kingine, na sasa kimetoka kipya, na vile vya mwanzo vimetengenezewa filamu. Alinikalisha kibarazani akanieleza kwamba kitabu kipya kimepwaya, na filamu ndiyo mbaya kabisa: wamemwondoa kinyonga aliyekuwa kipenzi chake, na maneno ya msichana wamempa mvulana.

"Bibi, wana haki gani?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza.

Nilicheka, halafu kicheko kikanikatika. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, nikiwa na umri kama wake, nimesimama pekupeku mbele ya meza ya mwalimu. Kaa nikusimulie, maana sijawahi kulisema lote.

Tuliishi katika kambi ya shamba la mkonge ng'ambo ya mto Ruvu, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa mkata mkonge. Mama alilima mihogo na kunde nyuma ya nyumba, kwa sababu unga wa posho haukutufikisha mwisho wa mwezi. Majirani walitoka kila pembe ya nchi. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba, na asubuhi iliitwa namba yake, si jina lake. Ukipita karibu na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, harufu kali ya uchachu ilikukaba koo. Lakini mbele kidogo singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, zikipepea, na sisi watoto tulikimbia katikati yake mpaka mnyapara atufukuze.

Kazi yetu wasichana ilikuwa maji. Kambi nzima ilikuwa na bomba moja, na kiangazi maji yalitoka kama uzi. Tukishatoka shule tulipanga madebe yetu, tukakaa juu ya mawe kusubiri, jua likituchoma utosi. Katika foleni hiyo ndipo tulipompata shangazi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mke wa manamba mmoja kutoka Unyamwezini, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuwa na mtoto wa kuitiwa jina, kwa hiyo tulimwita shangazi. Siku moja watoto wawili waligombania nafasi mpaka debe likamwagika, na yeye, bila kuwakemea, akaanza tu kusema: "Palikuwa na msichana aliyeitwa Kalekwa, maana yake aliyeachwa."

Ugomvi ukafa hapohapo.

Baba yake Kalekwa alikuwa amechukuliwa na watu wa nchi iliyo chini ya mto. Watu hao hawakuwa na vivuli wala majina. Mtu akifika kwao walimvalisha kipande cha chuma shingoni, na kuanzia siku hiyo alisahau kwao. Kalekwa akaapa kumfuata. Rafiki yake njiani alikuwa fisi aliyeogopa giza, ambaye ilibidi ashikwe mkia jua likizama. Kwa fisi huyo tulicheka mpaka tukajishika mbavu.

Shangazi alisimulia mpaka debe lake lijae, basi. Maji yakifika ukingoni, hata kama Kalekwa ananing'inia juu ya mdomo wa mamba, aliweka majani juu ya maji yasimwagike, akajitwisha, akaenda zake. Tulimsihi. "Kesho," alisema bila kugeuka. Wapo waliojaribu kumpeleka nyuma ya foleni ili hadithi irefuke. Wapo waliochota kikombe kutoka kwenye debe lake akiangalia pembeni. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni haya.

Njiani kwenda shule tuliichambua ile sehemu ya jana kama watu wanaochambua mchele. Sehemu ya kuvuka mto tuliisifu. Sehemu ya ndoa ya mfalme wa samaki tulisema imerefushwa bure. Kalekwa alipopanda milima ya Vugiri akakuta watu wanachunga mawingu kama ng'ombe, tuligawanyika kabisa: wenzangu wawili walisema shangazi ameishiwa, mimi nikasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, na hatukusemeshana mpaka kengele ya shule. Aliyekosa foleni kwa homa au kwa kutumwa, nilimsimulia mimi. Nilijitahidi nisipunguze wala kuongeza, maana wenzangu walikuwa wakali. Ukisema fisi alikimbia wakati alitambaa, ulirudishwa.

Mwalimu wetu alisikia. Alikuwa kijana nadhifu, kaptura imepigwa pasi, na nadhani alitupenda kwa namna yake. Meneja wa shamba alikuwa anakuja shuleni siku ya wazazi, na mwalimu alihitaji mchezo wa kuigiza. Akatuita, akatusimulisha Kalekwa mwanzo mpaka tulipofika, akaandika. Tulitoka pale tukiruka. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya watu, nimefunga kitambaa kichwani kama shangazi.

Wiki iliyofuata akatusomea alichoandika. Kalekwa amekuwa mvulana. Fisi hayupo. Mvulana anamchoma mfalme wa chini ya mto kwa upanga, baba anarudi amebebwa mabegani, wote wanaimba kuwakaribisha wageni. Wasichana tutaimba nyuma.

Nilingoja wenzangu watoke, nikaenda mezani kwake.

"Mwalimu, Kalekwa ni msichana."

"Najua. Hapa tumebadilisha kidogo."

"Kwa haki gani?"

Aliweka kalamu chini. Sikuwa nimekusudia kusema hivyo, neno lilinitoka. Hakunichapa. Aliniuliza taratibu, "Wewe binti, unaweza kusimama mbele ya meneja na wazee wote hawa ukapaza sauti?"

"Naweza."

"Baba yako ataniuliza mimi, si wewe. Nenda nyumbani."

Nilikwenda, lakini si nyumbani. Nilikwenda kwa shangazi, nikamkuta anapepeta kunde. Nikamweleza yote, nikitarajia akasirike pamoja nami. Alisikiliza, akapuliza makapi, akasema, "Mwalimu amesoma. Mimi sijui hata kuandika jina langu." Kesho yake bombani alikaa kimya. Tukamwuliza Kalekwa yuko wapi. Akasema, "Si yuko shuleni?" Debe lake likajaa, akaondoka. Ikawa hivyo kila siku.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Kama shule ina mchezo wake, na sisi tutakuwa na wetu. Niliwakusanya wasichana wa foleni, tukajifunza kwenye nyaya za singa mnyapara akiwa amekwenda kula. Mama aliona nachelewa na maji akanigombeza. Nikaamka mapema zaidi nikamaliza kazi zote, ili asipate neno. Rafiki yangu alikuwa fisi, na mkia wake tuliusuka kwa singa zilizodondoka. Mimi nilikuwa Kalekwa.

Mchezo wa shule ulifanyika, meneja akapiga makofi, upanga wa ubao ukang'aa. Katikati ya mchezo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kwa sauti, "Fisi wetu mmempeleka wapi?" Wanawake wote wakaangua kicheko, na mwalimu akainamisha kichwa. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Wetu tuliuchezea bombani Jumapili alasiri. Hatukualika mtu; wenye madebe walikuwepo tayari. Shangazi alikuwepo, amekaa nyuma, amejifunika khanga. Tulicheza vizuri mpaka tulipofika pale Kalekwa anapoingia chini ya mto, anaona watu wenye vyuma shingoni, na mimi nikapiga magoti nikalia, kwa sauti kubwa, kama nilivyojifunza.

"Hapana."

Tuligeuka. Shangazi alikuwa amesimama.

"Kalekwa hakulia pale," alisema. "Angelia, wangejua kwamba ana jina. Inuka. Futa magoti."

Akaingia katikati yetu, akamshika rafiki yangu mkia, akaendelea kusimulia palepale aliponyamaza siku zote zile. Alisimulia, nasi tukawa tunaigiza maneno yakitoka mdomoni mwake. Madebe yalijaa yakamwagika, na hakuna aliyesogea kuyaondoa. Na nyuma ya watu, karibu na nyumba ya kwanza, nilimwona mwalimu amesimama na baiskeli yake. Hakuja mbele. Lakini hakuondoka pia mpaka mwisho.

Mvua zilipokaribia, mkataba wa mume wa shangazi ukaisha. Wangepanda lori hadi Handeni, kisha Morogoro wakachukue treni ya kurudi kwao. Na Kalekwa alikuwa hajamfikia baba yake. Wenzangu walilia. Mimi nilikwenda kwa baba, nikamkuta ananoa kisu cha kazi.

"Baba, nataka kwenda Handeni kwa bibi."

"Nani kakualika?"

"Nitaalikwa nikifika."

Alinitazama sana. Bibi yangu mzaa mama aliishi kando ya Handeni, na ilikuwa kweli kwamba hajaniona muda mrefu. Baba alisema, "Wewe mtoto, ukishika kitu huachi," na kesho yake asubuhi mwenyewe akanipandisha kwenye lori, juu ya magunia, ubavuni mwa shangazi. Mjomba wangu wa huko angenirudisha na lori la mahindi.

Barabara ya Handeni ilikuwa nyekundu na mashimo. Vumbi lilitujaa kope. Shangazi alitoa viazi vitamu vya kuchemsha, vya baridi, tukala, na nikamwambia, "Shangazi, sasa hakuna debe."

Alitabasamu. Akanisimulia mwisho. Kalekwa alimwona baba yake amekaa mlangoni mwa nyumba nzuri, chuma kingali shingoni, watoto wengine wanacheza miguuni pake. Akamsogelea akamtajia jina la kwao. Baba akamtazama, akamtambua. Akaingia ndani, akamletea maji ya kunywa. Kalekwa akanywa. Kisha baba akasema, nimeshazoea hapa. Kalekwa akageuka, akamshika fisi mkia, wakarudi nyumbani.

Nilingoja. Lori liliruka shimo, tukatupwa, tukakaa tena.

"Halafu?"

"Basi."

Nilikasirika. "Mwisho mbaya! Safari yote ile! Milima yote ile! Kwa nini asimvue kile chuma?"

"Kilikuwa wazi tangu zamani, angeweza kukivua mwenyewe," alisema shangazi. "Alibaki kwa kupenda."

"Si kweli. Umebuni vibaya."

Alitazama vichaka vikipita, halafu akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba baba yake mzazi alikuja mkonge akiwa yeye bado ananyonya, hakurudi. Kwamba alimkubali mume huyu kwa sababu mume naye alikuwa anakuja mkonge. Kwamba alimkuta baba yake katika shamba jingine, si mbali na kambi yetu, mwaka uleule waliofika.

"Alikutambua?" nikauliza.

"Alinipa maji."

Niliposhuka kwa bibi nilimwamkia shangazi mara ya mwisho, nikasema shikamoo, na badala ya marahaba alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga yake. Lori likaenda. Bibi alinipikia bada, ugali wa muhogo, na kisamvu akaniuliza mbona sili.

Niliporudi kambini, wasichana walikuwa wananisubiri bombani. Mvua ilikuwa haijanyesha, na uzi wa maji ulikuwa mwembamba kuliko nilivyouacha. Niliwaza njia nzima. Ningeweza kumrudisha baba yake Kalekwa nyumbani. Wao wasingejua, na wangefurahi. Lakini ndiyo ingekuwa kazi ya mwalimu, upanga wa ubao na wimbo wa wageni. Nikasimulia kama nilivyosimuliwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Walinigeuka. Rafiki yangu, aliyekuwa fisi, alilia waziwazi. "Badilisha," aliniambia. "Wewe unajua kusimulia. Badilisha tu hapo mwisho."

"Sibadilishi."

Hakunisemesha mpaka mvua zikanyesha, na kila siku tulipita pamoja njia ileile ya shule, kila mmoja upande wake, nami sikulegea.

Kambi ile haipo sasa. Mkonge ulipoteza bei, korona ikanyamaza, nyumba zikabomolewa tofali mojamoja, na mahali pa bomba pamelimwa mahindi. Watu waliotoka pembe zote za nchi wamekuwa wenyeji, wajukuu zao wanaongea kama sisi, na wengi hawajui babu alitokea wapi wala aliitwa nani kabla ya namba. Maji siku hizi yanaingia ndani ya nyumba, unafungua, unafunga, humngojei mtu. Nashukuru, shingo yangu inakumbuka lile debe. Ila foleni ile ilikwenda na kitu ambacho sijakiona tena: watoto waliofarakana kwa uchungu wa kweli kwa ajili ya msichana wa hadithi. Wenzangu walidhani hayupo duniani, ni wa hadithi tu. Mimi peke yangu nilijua kwamba siku zile tukinuniana alikuwa ndani ya treni, amejifunika khanga, anarudi kwao.