Wiki sita za mdomo wa Baba

Mimi ndiye niliyempa Baba tumbako ya mdomoni. Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu, wakisimulia habari hii siku za sherehe, wanaliruka kwa kunihurumia, na mimi sitaki huruma yao. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari Butembo, na somo la usafi wa mwili lilikuwa limenipanda kichwani. Mwalimu alitundika ubaoni picha ya mapafu ya watu wawili. Ya kwanza aliyaacha meupe, ya pili, ya mvutaji, aliyapaka makaa. Nilirudi nyumbani mbio, nimejaa maarifa, natafuta mtu wa kumwokoa.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Sigara ilikaa pembeni mwa mdomo wake kuanzia asubuhi hadi anapofunika cherehani. Jumapili alipiga tarumbeta katika fanfare, bendi ya parokia, na mji mzima ulimjua kwa hiyo tarumbeta, si kwa suruali zake. Ila sasa pumzi ilikuwa inamwishia. Kulikuwa na noti moja ndefu katika wimbo wa kuingia ambayo zamani aliishika hadi padri afike altareni. Siku hizi aliiacha katikati, akajifanya anapangusa chombo.

Nilimsimamia mbele ya cherehani, mikono kiunoni.

"Papa, hii moshi itakuua. Kama unashindwa kuwacha, weka tumbako mu mudomo tu. Haiko na moshi, haifike mu mapafu."

"Basi mutoto wetu amekuwa docteur," Mama alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini Baba hakucheka. Alinisikiliza. Kesho yake nilikwenda mwenyewe sokoni kwa bibi mmoja aliyesaga majani ya tumbako na majivu, akayafunga kwenye kipande cha jani la mgomba. Baba alichukua kiasi cha ncha ya kidole, akakisukuma chini ya mdomo wa chini, mbele ya meno. Baada ya miezi michache ile noti ndefu ilianza kurudi. Nilivimba kichwa! Nilitembea mjini kana kwamba mimi ndiye niliyetengeneza mapafu.

Mwaka wa pili wa tumbako, Baba aliniita dirishani, akavuta mdomo wake chini. "Angalia hapa. Nikikaza tarumbeta minasikia kitu kigumu."

Niliangalia. Pale pale tumbako ilipokaa palikuwa na doa jeupe, limekunjamana kama ngozi ya vidole vilivyokaa sana majini. Ufizi ulikuwa umeshuka na mzizi wa jino moja ulionekana, wa manjano. Ilibaki miezi miwili tufike sikukuu ya parokia, fanfare nzima ilimtegemea, na mimi ndiye niliyemwekea kitu kile mdomoni.

Ilikuwa miaka ya vita, waasi wakiutawala mji wetu. Muganga wa meno aliyesifiwa alikuwa Beni, katika kituo cha afya cha Waprotestanti, na kwenda Beni kulimaanisha vizuizi. Kila msafiri alijua dawa ya vizuizi. Unabeba pakiti ya sigara hata kama huvuti, na kila kamba iliyofungwa barabarani unaifungua kwa sigara moja au mbili. Baba alibeba pakiti mbili. Tulipanda juu ya magunia ya maharage kwenye lori, yeye na tarumbeta yake magotini kwa sababu alitaka muganga aone inavyokaa mdomoni, na tulipofika Beni pakiti zilikuwa tupu.

Muganga alikuwa mwanamume mfupi, mwenye kioo kidogo cha mkononi na sauti ya mtu anayehubiri. Alichungulia mdomo wote, chini ya ulimi, kando ya mashavu, kooni. Baba alimngoja aondoe vidole, kisha akauliza swali lililomsumbua njia nzima.

"Donc, docteur, kati ya sigara na tumbako ya mudomo, gani njo mubaya?"

"Na nikikuambia moja, utafanya nini?"

"Nitawacha ile, nitashika ingine."

Muganga alicheka hadi kioo kikatikisika. Akatuambia kwamba moshi unapita mdomoni ukienda mbali: unaozesha ufizi, unachoma koo, unamaliza mapafu, nao pia unaleta kansere ya mdomo. Tumbako ya kusaga haiendi kwenye mapafu, hapo binti alisema kweli. Lakini yenyewe inakaa. Inakula nyama ile ile, kutwa nzima, siku zote. "Umehama chumba tu, papa. Mu nyumba haujatoka."

Binti alisema kweli. Nilishika hayo maneno matatu kwa nguvu, kisha nikaona aibu kuyashika.

Madoa kama lile, alisema, mengi yanaondoka yenyewe tumbako ikiondoka. Mengine yanabaki, na katika yale yanayobaki kuna yanayogeuka kansere. Hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha leo. Baba aache yote, moshi na majani, apumzishe tarumbeta, arudi baada ya wiki sita. Doa likiwa bado pale, itabidi akatwe kipande cha mdomo kipelekwe kuchunguzwa, na mahali pa kufanya hivyo palikuwa ng'ambo ya mstari wa vita. Baba alifunika tarumbeta kwa kitambaa chake polepole. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mdomo uliokatwa haupigi tena.

Wiki sita! Nilitundika kalenda jikoni, nikatangaza serikali mpya. Kila Jumapili baada ya misa Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, nami nikamvuta mdomo na kuchungulia, Mama akiuliza kutoka jikoni, "Iko vipi? Sema basi!" Jumapili ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili nilidhani kingo zimepungua, sikuthubutu kusema. Baba alikuwa na hasira za ajabu siku hizo. Alishona mkono wa koti kwenye shingo, akamlaumu mteja.

Wiki ya tatu nilisikia harufu ya sigara kwenye shati lake.

"Moja tu," alisema. "Mais docteur alisema doa linatokana na tumbako ya mudomo."

"Alisema yote, Papa! Yote!" Nilipiga kelele majirani wakatoka. Nililia kwa hasira mbele ya wateja wake, nikamwambia kwamba sitaki kuzeeka nikijua nilimwua mimi. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti. Baba alisimamisha unyayo, cherehani ikatulia.

"Kumbe njo hiyo unabeba," alisema. Alitoa pakiti mfukoni, akanipa. Tangu siku hiyo hakuweka tumbako ya aina yoyote mfukoni, hata ya kumpa mtu mwingine.

Jumapili ya tano niliona nyama ya pinki pale palipokuwa peupe, na nikaogopa kuamini macho yangu. Wiki ya sita ilipotimia tulirudi Beni, tukamaliza hela zetu zote kwenye vizuizi. Muganga alivuta mdomo, akageuza kioo huku na huku, akapapasa kwa kidole. Nilihesabu vioo vya dirisha. Kisha akasema, "Limeondoka. Ufizi hautarudi, ule umepotea. Mais doa limeondoka. Utakuja kila baada ya miezi sita niangalie." Baba alimshika mikono yote miwili, akasema "wasingya, wasingya," kama mtu aliyesahau Kiswahili chote na kubaki na asante ya kwao. Mimi nilirukaruka kwenye kile chumba kidogo nikaangusha beseni.

"Nipige sasa?" Baba aliuliza, akiinua tarumbeta yake ndani ya kitambaa.

"Hapa hapana, kuna bagonjwa. Nyumbani, polepole."

Lakini tukirudi nyumbani, kabla ya kufika Maboya, palikuwa na kizuizi. Mkubwa wa askari, mwanamume mwenye ndevu, alitushusha wote. Abiria walitoa sigara zao, kila mmoja moja. Alifika kwa Baba.

"Papa, likaya iko wapi?" Hivyo ndivyo askari walivyoita tumbako, kwa Kilingala chao.

"Sina, chef. Niliwacha."

"Barabara hii, bila sigara?" Alicheka, lakini bunduki haikucheka. Akagusa kitambaa kwa mguu. "Na hii?"

"Tarumbeta."

"Basi beta! Piga, utalipa na hiyo."

Baba aliifunua. Alinigeukia, mbele ya askari na lori zima, akauliza kwa heshima kabisa, "Docteur, naweza?" Niliitikia kwa kichwa. Noti ya kwanza ilipasuka, abiria mmoja akaguna. Ya pili ilisimama. Kisha ukatoka wimbo wa kuingia, wote, na alipofika kwenye noti ndefu aliishika, akaishika, mpaka mama mmoja mwenye kuku akapiga kigelegele. Nililia, nikacheka, nikaruka. Sijapata furaha kama ile barabarani.

Yule mkubwa alitoa sigara iliyokuwa sikioni mwake, akamnyoshea Baba. Zawadi. Na zawadi ya askari haikataliwi. Baba alivuta mdomo wake chini.

"Angalia, chef. Hapa palikuwa na doa ya tumbako. Leo docteur amesema limeondoka. Nikishika hii, nitarudi kule."

Yule mtu aliinama, akaangalia sana. Kisha akageuka pembeni, akatema kitu cheusi, akapangusa kwa mkono, akaja mpaka mbele yangu. Akavuta mdomo wake.

"Na yangu? Wewe mutoto docteur, sema."

Lilikuwa pale pale. Jeupe, limekunjamana, kubwa kuliko la Baba. Ningeweza kudanganya, lori likaondoka. Nilimwambia alichosema muganga, chote.

"Njo wiki ngapi?"

"Sita. Bila tumbako, bila sigara."

Aliachia mdomo. Aliangalia barabara, upande tuliotoka na upande tuliokuwa tunakwenda.

"Wiki sita," alisema. "Sijue kama niko nazo." Akainua kamba yeye mwenyewe.

Jumapili ya sikukuu Baba alishika noti hadi padri akafika altareni na kungoja, nami nilipiga makofi viganja vikawaka. Jioni nilikwenda kuondoa kalenda jikoni. Badala ya kuiondoa nilianza kuweka alama upya, za yule mkubwa mwenye ndevu, kuanzia siku ile ya kizuizi, moja kila Jumapili. Wiki ya sita ilipofika, barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na vita.