Mguu wa Mafuta

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya udereva wa lori, Fundi Mkuu wa kinu cha mpunga pale Ubaruku aliniambia nivue viatu. Nilidhani ni utani, maana yeye Mnyakyusa na mimi Mhehe wa Idodi, na makabila yetu ni watani.

"Vua, bwana. Mguu ulijue lori kwanza."

Nikaendesha pekupeku hadi barabara kuu. Unyayo mtupu ulihisi kilichofichwa na soli: nikikanyaga mafuta kwa pupa, injini inanguruma na moshi mweusi unatoka, lakini mwendo hauongezeki. "Ule moshi ni dizeli uliyoimwaga," alisema.

Mengine alinifundisha taratibu. Tairi lenye upepo mdogo hulifanya lori livute kama linapanda mlima. Chujio la hewa likijaa vumbi la pumba, injini hukosa pumzi, nayo hunywa zaidi. Nilishika vizuri, hata akanisifu mbele ya Meneja.

"Huyu ndiye anayekunywa kidogo kuliko madereva wote."

"Dizeli au ulanzi?" Meneja akauliza, akitaja pombe yetu ya mianzi, wote wakaangua kicheko.

Sifa zile zilinipanda kichwani. Sisi madereva tulikuwa na mtindo wa kuweka gia huru kwenye mteremko, lori liteleze lenyewe, tukiamini tunaokoa mafuta. Fundi Mkuu alitukataza. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, alieleza, pampu inakata dizeli na injini inalizuia lori. Kwenye gia huru injini inaendelea kunywa, huku breki zikibeba uzito wote. Nilimsikia. Lakini nilitaka kusifiwa tena.

Siku moja tulishuka kutoka Mbeya kwenda Mbalizi na shehena ya mchele, Fundi Mkuu akisinzia kando yangu. Nikaweka gia huru. Katikati ya mteremko, harufu ya breki zinazoungua ikamwamsha.

"Gia iko wapi?"

Nilikanyaga breki, ikazama hadi chini. Gia nayo ikagoma kuingia. Mbele yetu watu walikuwa wamejaa sokoni, barabara nzima.

"Liegemeze kwenye ngema! Huku kwangu!"

Nikalibamiza lori kwenye ukingo wa udongo upande wake. Hakuna mtu wa sokoni aliyeguswa, lakini bati la mbele lilikunjamana likambana Fundi Mkuu mguu wa kulia. Hakuendesha gari tena.

Nilipomtembelea hospitali, yeye ndiye aliyeanza.

"Mhehe, umeokoa lita ngapi?"

Kisha akacheka, nami nikalia.

Ninyi mnaoendesha magari ya leo mna vioo mbele ya usukani vinavyowaonyesha mafuta yanavyotumika. Vitazameni, lakini msiendeshe kwa ajili ya kusifiwa.

Siku hizi sote tumestaafu. Nikienda Mbalizi kumsalimu, nampeleka kanisani kwa pikapu ya mwanawe. Kabla sijawasha, huniangalia miguuni, nami navua viatu. Tunashuka taratibu, tukiwa ndani ya gia, tukipiga soga. Ila pale penye mteremko mkono wake huja kutulia juu ya gia, na sijawahi kumwambia autoe.