Mshale Apewa Kiti

Kwa miaka ishirini na nane hakuna aliyemwona tarishi yule ameketi. Ofisi ya ardhi ilikuwa na ghorofa nne na lifti iliyokufa zamani, na majalada yote ya viwanja yalipanda na kushuka mikononi mwake. Wenzake walimwita Mshale. Ukimtuma ghorofa ya nne, kabla hujafunga kalamu amesharudi.

Alipofikisha miaka hamsini na sita wakampandisha cheo. Akapewa meza masjala, karibu na dirisha, na kiti cha ofisini chenye magurudumu. Kazi yake ikawa kuandika kitabuni kila jalada linalotoka na linalorudi. Mkewe alimpigia pasi shati jeupe.

"Umehangaika vya kutosha, baba watoto. Sasa kaa."

Akakaa. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu, ya pili ikamchosha kuliko ngazi. Miguu ilitikisika chini ya meza mpaka chai ya jirani yake ikamwagika. Akaenda kunywa maji asiyoyataka, akafungua dirisha, akalifunga. Jirani yake akamwambia, "Mzee, unakaa kama umekalia siafu."

Mwezi wa nne viatu vilimbana. Jioni alipovua soksi, alama zake zilibaki kwenye ngozi. Akaenda zahanati. Muuguzi akampima presha, akatazama kipimo, akapima tena.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Nimepandishwa cheo."

"Nimeuliza unafanya nini."

Mshale akafikiri kidogo. "Nakaa," akasema.

Presha ilikuwa juu, na sukari nayo ilianza kunyemelea. Alirudi na vidonge mfukoni na roho juu juu. Akilini mwake jambo lilikuwa wazi: ngazi zilikuwa dawa, kiti ndicho sumu.

Aliyerithi ngazi zake alikuwa mama wa miaka hamsini na moja, ambaye zamani alikuwa mfagizi wa jengo hilohilo. Siku moja Mshale alijisingizia kwenda kuuliza jambo ghorofa ya nne, akamkuta njiani amekalia rundo la majalada, mkono kiunoni, jasho likimtiririka.

"Dada, umeanguka?"

"Sijaanguka, kaka. Nimeshindwa kuinuka."

"Mgongo?"

"Huu wa siku nyingi. Nimebeba ndoo za kupigia deki humu wakati lifti bado nzima, na sisi wafagizi hatukuruhusiwa kuipanda."

Mshale akamshika mkono kumwinua, na goti lake mwenyewe likalia kah. Hapo akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: miaka miwili ya mwisho alikuwa akishuka ngazi upandeupande, kama kaa. Kumbe mambo hayakuwa mepesi kama alivyodhani.

"Unajua kuandika vizuri?" akamuuliza.

"Mwandiko wangu unausoma hata ukiwa huna miwani."

Wakakubaliana kimyakimya. Kwa saa moja yule mama anakaa na kuandika, Mshale anapanda na kushuka. Saa inayofuata wanabadilishana. Mshale akaacha mtindo wake wa kubeba rundo hadi kidevuni, na mwenzake akaiga. Majalada machache, safari nyingi. Wiki sita zikapita, na viatu vikaanza kumkubali.

Mkuu wa masjala alikuwa mama mkali, mtu wa kanuni. Asubuhi moja aliingia ghafla, akamkuta yule mama tarishi kwenye kiti cha Mshale, na Mshale mwenyewe hayupo. Mshale alipoingia na majalada kifuani, akaulizwa hii ni michezo gani.

"Si michezo, mama. Mimi kukaa kunaniua, na yeye kubeba kunamuua."

"Kila mtu ana cheo chake. Kesho nisiyaone haya."

"Basi nirudishe kwenye utarishi. Nitaandika barua."

"Andika," akasema mkuu, akatoka.

Aliandika siku hiyohiyo. Wiki moja baadaye, mkewe alipopata habari, alimsubiri amalize kula. "Watu wanalilia viti, wewe unakikimbia. Nitawaambia nini dada zangu?"

Wiki nzima ya kukaa tangu wakatazwe kubadilishana ilikuwa imeshairudisha hali ya zamani. Mshale akakunja suruali, akabonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu. Alipokitoa kikabaki kishimo, kama kwenye unga uliokandwa. Mkewe akakitazama kile kishimo kikijaa taratibu. Akaenda kumletea beseni la maji, na habari ya dada zake hakuitaja tena.

Siku tisa barua haikujibiwa. Mshale alikuwa hali vizuri, halali vizuri, kila mlango ukifunguliwa anageuka. Siku ya kumi wakaitwa wote wawili. Mkuu alikuwa na kitabu cha masjala mbele yake.

"Nimekagua zile wiki sita," akasema. "Hakuna jalada lililopotea wala kuchelewa. Kabla ya hapo kila wiki nilikuwa natafuta moja." Akamrudishia Mshale barua yake. "Kwenye karatasi vyeo vibaki vilivyo. Humu ndani mpangane. Likipotea moja, mtanijua."

Wakapangana hivyo mpaka Mshale alipostaafu. Presha ilishuka, ingawa vidonge hakuviacha. Sukari haikupanda zaidi. Mgongo wa yule mama haukupona, maana miaka ya ndoo haifutiki, lakini alipumua, na hakukwama tena kwenye ngazi.

Sasa Mshale ana miaka sitini na saba, na kila asubuhi anatembea na mkewe mpaka sokoni, goti la kushoto likigoma anapunguza mwendo kwa manung'uniko.

"Unakimbilia wapi?" mkewe humuuliza. "Hakuna anayekusubiri."

"Najua," humjibu, huku akiwa ameshamtangulia hatua mbili.