Kinyozi Asiyepiga Rivasi

Shemeji yangu Merle Kastner alinyoa vichwa vya mji wetu kwa miaka arobaini, na katika muda wote huo sikuona mkono wake ukitetemeka. Alinyoa watoto wanaolia, wakulima wanaosinzia, hata marehemu mmoja ambaye mjane wake hakutaka azikwe na nywele zile. Ndipo akafunga duka, akanunua nyumba ya magurudumu, na sote tukaijua hofu yake.

Nyumba yenyewe ni lile trela refu ambalo pua yake hulalia mgongoni mwa pikapu, juu ya kiungo kikubwa cha chuma. Ndani kuna chumba cha kulala, jiko, choo, na kochi ambalo usiku ndilo kitanda changu. Mimi ni Lavonne, dada mkubwa wa Ardith, mke wa Merle. Nimefiwa na mume, paka sina, na majira ya joto ya Nebraska siyataki peke yangu. Basi husafiri nao, nikikaa kiti cha nyuma cha pikapu, ambako naona kila kitu na kusema nusu yake. Ardith atakwambia nasema chote, usimsikilize.

Mwaka wa kwanza Merle alishika usukani kana kwamba ungemtoroka. Ardith alimwekea mbegu za alizeti, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu akiwa na safari ndefu, na tukafika Dakota Kusini hazijaguswa. Kutafuna mbegu kunataka mkono mmoja wa kuchota na kikombe cha kutemea maganda, na Merle hakuwa na mkono wa ziada.

Akajifunza polepole. Trela hukata kona: pikapu ikipita salama, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi, na kuna nguzo ya kituo cha mafuta huko Wyoming yenye rangi yetu mpaka leo. Baada ya hapo alikuwa akisonga mbele mpaka Ardith anashika kifua, ndipo anapinda. Alijifunza kwamba lori kubwa likikupita, upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta, na dawa yake ni kutulia na wala si kupigana na usukani. Alijifunza kushusha gia kabla ya mteremko, si katikati yake breki zikiwa zimeshaanza kunuka. Alijifunza kusimama kabla hajachoka na kufika kambini jua lingalipo. Wenye haraka waliompigia honi nyuma aliwaacha wapige.

Mwaka wa pili akaanza kula mbegu. Mwaka wa tatu alikuwa anatema maganda kikombeni bila hata kukitazama, huku anatusimulia umbea wa wateja wake waliokwisha kufa, na upepo unatupiga ubavuni. Ungemwona ungesema amezaliwa na trela mgongoni.

Ila rivasi hakupiga. Si kwamba alipiga vibaya. Hakupiga kabisa.

Ilianzia safari ya kwanza, kwenye kambi moja kando ya ziwa. Watu wa matrela wana starehe yao ya jioni: mgeni akianza kurudi nyuma kwenye kiwanja chake, majirani hutoa viti vya kukunja, hujimiminia kinywaji na kutazama. Hawasemi neno, kwani adabu ni kutomsaidia mtu mpaka aombe. Siku hiyo walijaa. Ardith alikuwa nyuma anapunga mikono.

"Kushoto!" akasema. "Kushoto, baba Kendra!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa trela!"

Trela likaenda lilikotaka lenyewe, likang'oa bomba. Maji yakaruka juu ya paa. Mzee mmoja akasimama kitini akapiga makofi, na wengine wote wakamfuata.

Kuanzia hapo Ardith alipopiga simu kambini hakuuliza bei wala choo. Aliuliza jambo moja: kipo kiwanja cha kuingilia huku na kutokea kule? Kama hakipo, tulipita. Tulizipita kambi nzuri zenye mito na misonobari, tukalala kwenye changarawe kando ya barabara kuu, tunasikiliza malori. Safari moja tuliingia njia isiyo na pa kutokea, shambani kwa watu, na badala ya kurudi nyuma Merle alimwomba mwenye shamba afungue ua, tukapita katikati ya mahindi yaliyokwisha vunwa mpaka barabara ya upande wa pili. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

Nami nilimtania bila huruma, kama shemeji apasavyo. "Kinyozi hajinyoi," nilimwambia, "na huyu wetu harudi nyuma." Niliona ni mchezo tu, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana Kendra, mtoto wao wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Anakaa Oregon, na mumewe Tobin huzima moto wa misitu, kwa hiyo kiangazi chote hayupo. Tulikwenda kukaa naye. Nyumba yake ni ndogo, kochi lenyewe la watu wawili, lakini kando ya nyumba kuna njia ya gari inayopanda hadi nyuma, kati ya ukuta wa gereji na mtufaha. Trela lingeenea pale. Merle alisimama barabarani akaitazama ile njia, akajikuna shingo.

"Nyembamba," akasema. "Tutakaa kambini."

Kambi yenye kiwanja cha kutokea kule ilikuwa mwendo wa saa nzima. Tulikaa huko. Alasiri moja maumivu yakamshika Kendra, akajiendesha mwenyewe hospitalini. Tulipofika mimba ilikuwa imeshatoka, na Kendra amelala ameelekea ukutani. Hakumlaumu mtu. Alimwambia baba yake, "Hata mngekuwepo, baba, daktari anasema isingezuilika." Ni kweli daktari alisema hivyo. Lakini asingekuwa peke yake kwenye usukani, na Merle alilijua hilo kuliko sisi sote.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Kendra akapiga simu tena. Ana mimba. Safari hii daktari amemwamuru alale nyumbani kitandani mpaka ajifungue, kuinuka ni kwenda chooni tu. Tobin ameitwa kwenye moto. Sauti ya Kendra ilikuwa ya kawaida mno. "Njooni kama mnaweza," alisema.

Merle alichukua simu mkononi mwa Ardith. "Tunakuja, mwanangu. Nitaliegesha hapo kwako, kando ya nyumba."

Mimi na Ardith tukatazamana.

Kabla ya kuondoka alikwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa. Alipanga ndoo tupu za aiskrimu, zile ambazo kila nyumba ya kwetu inazo ghalani, akarudi nyuma kati yake. Mwanzoni alizisaga zote. Kisha akajua siri yake: shika usukani chini, na mkono uupeleke kule unakotaka mkia wa trela uende. Siku za mwisho aliziacha ndoo zimesimama. Lakini uwanja wa kanisa siku za kazi hauna watu, na mimi nilijua kuwa ndoo hazijawahi kumtisha mtu.

Safari ilikuwa tamu, sitaficha. Tulipanda na kushuka milima Merle ametulia, gia iko chini, mbegu ziko mdomoni. Tulipofika mpaka wa Oregon mbegu zikakoma. Kikombe kilikaa kitupu njia nzima iliyobaki.

Tukaingia mtaa wa Kendra mchana. Dirisha la chumba chake linatazama ile njia ya gari, na kitanda chake kimesogezwa dirishani. Alitupungia mkono akiwa amelala. Merle akaipita nyumba, akasimama, akaweka rivasi.

Jirani wa mbele akazima mashine yake ya kukatia majani. Mama mmoja akatoka na kikombe cha kahawa. Gari likaja, likasimama likisubiri, na nyuma yake likaja jingine. Ardith alikuwa chini ananyoosha mikono, Merle anarudi, anarudi, na trela likaanza kupinda kuelekea dirisha la binti yake. Akafunga breki. Akasogea mbele, akajaribu tena, safari hii likaelekea mtufaha. Nikaona shingo yake imelowa jasho.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ndogo, "nalirudisha hili kambini. Tutakuwa tunakuja kila asubuhi."

Ardith alikuwa amesogea mlangoni mwa pikapu, akasikia kupitia dirishani. Mikono aliishusha tu, na mimi nikaona uso wa dada yangu unavyozeeka pale pale. Hasira ikanipanda, nasema kweli. Lakini nilipofungua kinywa kumtukana nikamwona Merle jinsi alivyokaa: ameng'ang'ania usukani, macho kwenye vioo, hathubutu kugeuka.

"Shemeji, hebu niambie," nikasema. "Ulipokuwa unamnyoa mtu, ulikuwa unanyoa kichwa kizima kwa mpigo mmoja bila kukitazama?"

"Nani ananyoa hivyo?"

"Ulikuwa unafanyaje?"

"Unakata kidogo, unarudi nyuma, unatazama, unaenda tena. Lavonne, si wakati wa..."

"Na watu kwenye benchi walikuwa wanakuona unarudi nyuma kutazama?"

"Walikuwa wananiona. Ndiyo kazi yenyewe."

"Uliona aibu?"

Gari la nyuma likapiga honi.

"Basi shuka ukatazame," nikamwambia. "Mficha uchi hazai, shemeji."

Merle akafungua mlango. Akashuka mbele ya mtaa mzima, akatembea taratibu mpaka nyuma ya trela, akainama, akautazama ukuta wa gereji, akaugusa mtufaha, akasimama kando akakunja mikono vile vile alivyokuwa akisimama nyuma ya kiti chake dukani. Akarudi, akaingia, akarudisha trela kiasi cha urefu wa kitanda. Akasimama. Akashuka tena.

Sijui alishuka mara ngapi. Yule wa gari la kwanza alichoka, akageuza akaenda zake. Jirani wa mashine ya majani akavuka barabara.

"Mzee, nikusaidie?"

"Asante, kijana. Kaa hapo utazame tu, lakini mkono usinipungie."

"Sawa. Ila ule mti wa kushoto..."

"Nimeuona. Nimeshaushika mara tatu."

Kijana akacheka, akaketi kwenye nyasi. Mama wa kahawa akaketi pembeni yake. Ardith aliacha kupunga, akawa anatembea kando ya mumewe kila anaposhuka, wanatazama pamoja, wananong'ona kama wanaochagua kitambaa dukani. "Kidogo huku." "Hapana, ukienda huko utakwangua." "Basi nisogee mbele kwanza." Sikuwahi kuwasikia wakizungumza hivyo nyuma ya trela, na nimewasikia wakizungumza mengi.

Kendra naye alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, anafuata kila kitu kupitia dirishani. Ukuta mweupe wa trela ukaja ukipita mbele yake polepole, kwanza taa za nyuma, kisha dirisha la jikoni, kisha mlango. Merle akasimamisha. Akashuka akatazama, akaenda akaegemea mlango wa trela, na kutoka pale mpaka kwenye dirisha la Kendra zilikuwa hatua chache tu. Binti akasukuma kioo juu.

"Baba, ndiyo umefika au unashuka kutazama tena?"

"Nimefika."

"Hamwendi kambini?"

"Kambi gani? Mlango wangu si huu hapa? Ukiita kwa sauti ya kawaida nakusikia."

Kendra akasema, "Niite nione kama na mimi nakusikia."

"Kendra," akasema Merle, bila kupaza sauti.

"Nakusikia." Akajifuta uso kwa shuka. "Mama mkubwa, umechoka eh? Karibuni. Mimi nimechoka hata kuongea."

Ardith akaingia ndani kumwandalia chai. Alipotoka alikuwa na kikombe cha chai, bado kimejaa, na kidole amekiweka mdomoni. Kendra alikuwa amelala. Alilala kinywa wazi, mkono mmoja nje ya shuka, dirisha halijafungwa. Jirani mwanamke alimwambia Ardith baadaye kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa anaona taa ya chumba kile inawaka usiku kucha.

Ile njia ina mwinuko, na trela kwa wakati huo lilikuwa limeinama vibaya, pua chini na mkia juu. Kulisawazisha ni kubonyeza kitufe, miguu ya chuma inashuka na kuinua. Lakini mota ya ile miguu hunguruma kama kinu cha kusagia, na ingenguruma chini ya dirisha. Nilipopeleka kidole kwenye kitufe Merle akanishika mkono.

"Acha kwanza," akanong'ona.

"Shemeji, mayai yatamwagika."

"Yamwagike."

Tukaingia tukanyata, tukafunga mlango bila kuubamiza. Tukakaa mezani sote watatu, tumejikaza kwa miguu ili tusiserereke, tunakula mkate wa nyama baridi, huku kila mtu ameshika sahani yake kwa mkono mmoja. Chupa ya achari ikateleza kutoka kwa Ardith, ikanipita, Merle akaidaka. Jua likazama, tukala tumeinama. Hakuna aliyewasha mota wala taa mpaka Kendra alipoamka mwenyewe na kumwita baba yake.