Aliyeimba Mahali pa Baba

Harufu ya tangawizi inayochemka hunirudisha Mwembesongo popote nilipo. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya benki, Dodoma, mlinzi mmoja akafungua chupa yake ya chai. Harufu iliponifikia puani sikuwa tena mtu mzima mwenye miwani. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimechuchumaa uani kwetu Morogoro, napuliza mkaa, nachungulia kisufuria cheusi ambacho hakikupikiwa kitu kingine chochote isipokuwa tangawizi ya baba.

Baba yangu, Mzee Shomari, alikuwa mwimbaji. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya Lukwangule Jazz, bendi ya dansi ambayo wakubwa wa mji wetu waliipenda kama watu wanavyopenda timu ya mpira, yaani bila akili. Wapo waliooana kwa sababu ya nyimbo zake, na mama alikuwa akiongeza kwamba wapo walioachana pia. Tangawizi ilikuwa ya kulinda koo, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na asali ya kutoka mlimani. "Koo ni shamba," alikuwa akiniambia. "Ukiligeuzia mgongo siku mbili, linaota magugu."

Basi magugu yaliota humo humo. Kwanza sauti ilianza kukwaruza, kisha ukaonekana uvimbe. Akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akarudi baada ya mwezi mzima na kitambaa cheupe shingoni. Sauti haikurudi naye. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono mkavu, kama mtu anayekwangua ukoko chini ya chungu. Akinihitaji aligonga kikombe kwa kijiko. Mama alikuwa mfanyabiashara wa mboga, siku tatu kwa wiki yuko Mgeta akikusanya kabichi na karoti za kupeleka Dar, nami nilikuwa mtoto pekee. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ile ilikuwa yetu, mimi na baba, na kile kijiko.

Mwanzoni hatukuujua upweke. Wapenzi wa bendi walikuja kila alasiri, viatu vikajaa mlangoni, mkeka ukaongezwa mkeka. Walileta machungwa, walileta dawa za miti, walileta habari. Na siku moja habari waliyoileta ilikuwa kwamba Lukwangule Jazz imepata mwimbaji mpya.

"Mwimbaji gani?" aliuliza Mzee Kibwana, fundi cherehani wa mtaa wetu, ambaye hakuwahi kukosa dansi la baba hata siku aliyomzika shemeji yake.

"Anaitwa Dismas, wa huko Mgeta," alijibu mwenzake. "Alikuwa anaimba kwaya kanisani."

"Kwaya!" Mzee Kibwana alilitamka neno lile kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau. "Sasa tutakuwa tunacheza dansi au tunasimama kwa sala?"

"Umemsikia lakini?" aliuliza Bi Tatu, mkunga mstaafu. Alikuwa mwanamke pekee aliyekaa na wale wazee barazani, na hakuna aliyethubutu kumwondoa kwa sababu nusu ya watoto wao aliwapokea yeye.

"Sina haja ya kumsikia. Mimi nikikiona kitambaa najua kama kitachuja."

"Kitambaa unakiona, Kibwana. Mwimbaji husikilizwa."

"Bi Tatu, yule anaimba kama anamwita mbuzi kutoka mlima wa pili."

"Si umesema hujamsikia?"

Baraza zima likacheka, na ubishi ukapamba moto. Mmoja akasema bendi ingevunjwa kwa heshima, vyombo vifunikwe shuka. Mwingine akasema bendi ni mali ya mji, si ya koo la mtu mmoja. Kuna aliyesema wampe kijana nyimbo mpya tu, za Shomari asiziguse, na mwenzake akamjibu kwamba bila za Shomari hakuna atakayelipa kiingilio. Miaka ile kila duka la mtaani lilikuwa linapiga bongo fleva kutwa kucha, nao wakabishana kana kwamba dunia yote imenyamaza kusubiri uamuzi wao.

Baba alikuwa amekaa katikati yao na kikombe chake, macho yakimfuata kila msemaji. Walimzungumzia kama watu wanavyoizungumzia picha iliyotundikwa ukutani. Mara moja aliinua mkono. Wote wakakaa kimya. Akanong'ona kitu, na wakati huo huo pikipiki ikapita.

Mzee Kibwana akainama kumwelekea, akamjibu kwa sauti kubwa, kana kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio: "Hakuna kama wewe, Shomari! Hajazaliwa!" Wenzake wakapiga makofi. Baba akashusha mkono.

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nilimsikia. Alikuwa ameuliza, "Kijana mwenyewe anaimbaje?"

Baada ya hapo mikeka ilianza kupungua. Hakuna aliyegombana nasi, hakuna aliyeaga. Siku hii hakuja huyu, kesho yake hakuja yule. Nadhani waliokwenda kumsikia Dismas waliona aibu kututazama machoni, na wasiokwenda waliishiwa maneno ya kumtukana. Mwisho alibaki Mzee Kibwana peke yake, akija, akikaa, akisema, "Hakuna kama wewe," akiondoka. Halafu hata yeye akawa anapita ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akitazama mabati ya nyumba za watu kama mtu anayetaka kuyanunua.

Nilikuwa sijui kwamba nyumba inaweza kunyamaza kiasi kile. Niliporudi kutoka shule nilimkuta baba pale pale nilipomwacha, uso ameuelekeza mlimani, kule ambako kila mchana wingu huteremka na kuifunika Uluguru hadi mabegani. Nilizoea kuzungumza peke yangu nikiosha vyombo, ili pawe na sauti ndani ya ua ule. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alasiri bendi ilipiga bugi, dansi la mchana ambalo hata watoto waliingia na wazazi wao, katika ukumbi ulio upande wa pili wa reli. Upepo ulituletea mdundo wa besi peke yake. Gita halikufika, wala sauti ya mwimbaji haikufika. Baba alikigeuza kiti, akatega sikio hadi mwisho, na kilichomfikia kilikuwa *ndu, ndu, ndu*, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani.

Jumapili moja aligonga kikombe, akaniita karibu.

"Rehema. Nenda kamsikilize. Uje uniambie."

Nilivaa gauni la sikukuu nikavuka reli. Mlangoni walinijua, wakanipitisha. Nilijibanza pembeni karibu na nguzo, nikiwa nimejiandaa kumchukia mtu, na nilikuwa na hakika nitafaulu. Dismas alikuwa mwembamba, shati limemzidi mabega, akishika maikrofoni kwa mikono miwili kama anayeogopa itaruka. Wazee walikuwa wamekaa na mikono kifuani. Mzee Kibwana alikuwa mstari wa mbele, kavimba kama chura.

Kisha magita yakaanza wimbo wa Mikese. Ulikuwa wimbo wa baba kuliko nyimbo zote, wa mwanamume anayemsubiri mkewe kando ya barabara kuu. *Nimesimama Mikese, mabasi yote yamepita.* Katika neno lile la mwisho baba alikuwa akiipandisha sauti juu, juu, hadi wanawake wakapiga vigelegele. Nilisubiri nione kijana huyu atakavyoanguka.

Hakupanda. Alifika pale, akasema "yote," akanyamaza. Magita yakaendelea bila yeye. Ukumbi mzima ukabaki unamsubiri huyo mke pamoja naye. Kisha akamalizia, polepole, "yamepita," kama mtu anayeyahesabu mabasi yenyewe. Nilijikuta nalia. Nilipofuta macho nilimwona Mzee Kibwana yuko katikati ya uwanja, peke yake, anacheza, kofia mkononi.

Aliniona wakati wimbo unakwisha. Akaja mbio mbio, akijipangusa uso.

"Vumbi la ukumbi huu," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Baba yako usimwambie kwamba niliinuka. Atavunjika moyo."

Njiani kurudi nililibeba lile neno kama yai. Atavunjika moyo. Nilipofika nilimkuta baba amevaa shati safi, amekaa wima, kiti kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Tangu arudi kutoka Dar sikuwa nimemwona amevaa shati lile.

"Enhe?"

"Anaimba vibaya," nilisema. "Watu walikaa tu."

"Hata ule wa Mikese?"

"Huo ndio mbaya kabisa, baba."

Nilitegemea atacheka, au angalau atapumua. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, kama mtu anayekubaliana na kitu alichokuwa akikihofia. "Basi," alinong'ona. Akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado halijazama. Toka siku hiyo hakukigeuza tena kiti siku za Jumapili. Besi ikipiga, alinitaka nifunge dirisha.

Ilipita miezi minne hivyo. Sikumwambia mtu. Nilijiona mlinzi wake, na bado kila nilipolifunga lile dirisha nilikwepa kumtazama.

Aliyekuja kuyafungua yote alikuwa mama, ambaye hakujua chochote. Ijumaa moja lori la mboga lilisimama mlangoni, na kutoka juu ya magunia ya kabichi akashuka mama, na nyuma yake yule kijana mwembamba, matope hadi magotini, na tenga la matunda ya Mgeta mkononi.

"Nimemkuta kwao, anaogopa kuja kukusalimu," mama alimwambia baba. "Huko vijiweni wamemwambia umemlaani. Nikamwambia huyo si simba, panda gari."

"Shikamoo, baba," alisema Dismas, na akabaki ameinama.

Baba alimtazama. "Marahaba," midomo ilisema, bila sauti. Kisha, kwa mnong'ono: "Imba. Wa Mikese."

Aliimba pale uani, bila gita, amesimama katikati ya magunia, na wapakuzi wa lori wakaacha kazi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, natamani ardhi ipasuke. Alipofika kwenye lile neno akanyamaza, na kimya cha siku ile kilikuwa kirefu kuliko cha ukumbini. Baba alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha akasema, "Tena." Ukarudiwa. Akasema tena, "Tena."

Mwisho alimwita karibu. "Nani alikufundisha kunyamaza pale?"

"Hakuna, baba," alijibu Dismas, uso chini. "Sauti yangu haifiki ulipokuwa unafika wewe. Kwa hiyo nanyamaza."

Baba akaanza kucheka. Kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, machozi yakimshuka hadi kwenye kitambaa cha shingoni. "Hata yangu ilikuwa haifiki," alinong'ona. "Nilikuwa napiga kelele tu."

Kisha akageuza kichwa akanitazama. Nilijua anachokumbuka. Nilisubiri anikaripie mbele ya wageni. Alinyoosha mkono, nikaenda, akanishika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akinishika zamani tukivuka barabara.

"Siku nyingine uniambie," alisema.

Siku nyingine haikupatikana. Wiki ile bendi iliondoka kwenda kupiga Kilombero, kwenye mashamba ya miwa, na Dismas akaahidi kwamba wakirudi atakuja kila wiki. Walirudi masika, wakakuta uvimbe umerudi na baba tumekwisha kumzika. Bi Tatu alikaa nasi siku zote za msiba. Mzee Kibwana aliishona sanda, akaikataa chai, akalia kwa sauti barabarani bila kutafuta vumbi la kulisingizia.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa uongo, na nilijisamehe kwa sababu ulitoka kwenye mapenzi. Mapenzi yenyewe nayaelewa sasa tu, nikiwa na wanangu ambao nami huwaficha mambo kwa ajili ya faida yao. Baba hakuwa mpweke kwa sababu sauti ilimtoka. Alikuwa mpweke kwa sababu sisi tuliompenda tulikubaliana, bila hata kukaa kikao, kwamba asijue nyimbo zake zinaendeleaje. Mzee Kibwana alimficha kwa kumsifu, wenzake kwa kutokuja, na mimi kwa kusimama mbele ya shati lake safi na kumwambia kile ambacho kila mtu alidhani baba anataka kukisikia. Yeye hakuwa anataka kuambiwa kwamba hakuna kama yeye. Alikuwa anataka kujua kama yupo wa kumfuata.

Kati ya Jumapili ile na Ijumaa ya lori, alilala miezi minne akiamini nyimbo zake zimemtangulia kaburini. Ningeweza kumwondolea mzigo huo jioni ile ile, na vumbi la ukumbi bado liko miguuni pangu. Yalikuwa maneno mawili tu: anaimba vizuri.