Maganda ya Mayai kwa Mheshimiwa

Mama Matangi alikuwa na mdomo. Si kwamba wengine hawana, la, ila wa kwake haukujua likizo. Aliongea na ufagio, akaongea na ndoo, na tangu alipoajiriwa kuhudumia matangi ya kioo kwenye kituo cha utafiti wa bahari, akaongea na konokono. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Pale kituoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote walimwita Mama Matangi, naye aliitika utadhani ndilo alilopewa siku ya kuzaliwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kirefu, chenye sakafu ya saruji isiyokauka na mabomba yanayokoroma kutwa. Matangi sita yalipangwa ukutani, kila moja na kipande chake cha bahari: mchanga, jiwe lenye matumbawe hai, mwani kidogo, na konokono wadogo wasiozidi ncha ya kidole gumba. Matangi matatu ya kwanza yalikuwa na maji ya bahari kama yalivyo leo. La nne, la tano na la sita yaliunganishwa kwa mpira na mtungi mkubwa wa hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda.

Aliyekuwa na utafiti huo ni Daktari, na hapa tusielewane vibaya: hakuwa daktari wa sindano, alikuwa daktari wa bahari, mwanamke kijana aliyesahau kula akianza kupima. Siku ya kwanza kabisa alimwelewesha Mama Matangi.

"Moshi tunaoutoa huku juu, Mama, sehemu yake nzuri tu inanywewa na bahari. Na bahari ikiunywa, maji yanazidi kuwa na tindikali. Viumbe wenye magamba wanapata shida kuyajenga. Matumbawe nayo yanakosa nguvu ya kukua. Sasa kwenye matangi haya matatu tunayafanya maji yawe kama yatakavyokuwa wajukuu zako wakishazeeka."

"Kwa hiyo unawapikia leo shida ya kesho."

"Tuone itakuwaje, ndiyo."

"Na wao walikubali?"

Daktari akacheka. Mwenzake hakuwa anatania hata kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kusugua vioo, kubadilisha maji, kugawa mwani asubuhi na kuhakikisha mtungi wa gesi haujaisha. Katazo lilikuwa moja tu: zaidi ya mwani, kisitiwe kitu kingine chochote ndani ya maji. Mama Matangi alilishika vizuri sana mpaka alipozoeana na konokono mmoja wa tangi la nne. Alikuwa na doa jeupe mgongoni. Wenzake wakila, yeye amelala, na akiamka wote wanampisha. Akamwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, kikao kimeanza," alikuwa akimwambia kila akidondosha mwani. Naye Mheshimiwa alikuja kwa muda wake, kama waheshimiwa wote.

Wiki zilivyopita, magamba ya konokono wa matangi yale matatu ya gesi yakaanza kuchujuka. Mng'ao ukapotea, kingo zikawa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Asubuhi moja Mama Matangi alimshika Mheshimiwa amtoe kwenye mpira wa gesi alikokwama, na kipande cha gamba kikamegukia kidoleni. Alikitazama kile kipande, akamtazama mwenyewe, akamrudisha majini polepole. Siku hiyo hakuongea na ufagio wala ndoo.

Nyumbani alikaa na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, mfugaji wa kuku wanane wa mayai katika banda la uani. Wawili hawa walipendana kwa njia ya kugombana. Siku isiyo na ubishi, mume alikuwa anauliza nani mgonjwa.

"Wifi, mbona umenuna kama umekamuliwa ndimu usoni?"

Akamweleza yote, la Mheshimiwa na la kingo zinazomeguka. Wifi akamsikiliza huku anaokota mayai.

"Kwani kuku wangu walipotaga mayai laini kama puto, nilifanya nini?"

"Uliwapa maganda ya mayai yaliyosagwa."

"Wakapona, hawakupona?"

"Wakapona."

"Basi! Kiumbe akikosa ganda, mpe ganda. Hilo nalo linataka shahada?"

Kesho yake mfuko wa aproni ya Mama Matangi ulikuwa na kopo, na ndani ya kopo unga mweupe wa maganda ya mayai, umesagwa laini ukachekechwa mara mbili. Alichungulia mlangoni, akachota kijiko, akakitia tangi la nne. Kisha, kwa kuwa upendeleo ni dhambi, akawapa na wa la tano na la sita. Katazo la Daktari alilikumbuka vizuri tu. Alijiambia kwamba yeye hakutia kitu, alitia huruma. Mtu akitaka kukosea kwa raha, hakosi neno zuri la kujifunikia.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kipimo cha Daktari hakikushtuka, kwa sababu kilifungwa kwenye mashine: maji yakipungua ukali, mashine inafungulia gesi zaidi mpaka ukali urudi palepale. Kilichobadilika ni mtungi. Ulikuwa unaisha upesi mno, mpaka mleta gesi akauliza, "Mama Matangi, humu ndani mnachoma nyama?" Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imejaa mfukoni mwa aproni.

Konokono wakanawiri. Kingo zikakaza, mng'ao ukarudi. Matumbawe yakaanza kusogeza ncha zake. Mheshimiwa alitamba kiooni kama aliyeshinda uchaguzi. Mama Matangi akarudiwa na maneno yake yote, na riba juu.

Siku ya kupima ilipofika, Daktari alipima, akafuta, akapima tena. Kisha akatoka mbio hadi kwenye korido, akamkumbatia Mama Matangi na ndoo yake.

"Wamezoea! Mama, wamezoea! Maji makali vile na magamba yanakua! Unajua maana yake?"

"Kwamba... wameshiba?"

"Kwamba miamba ya matumbawe inaweza kuhimili! Nitayasema haya kwenye mkutano mkuu!"

Mama Matangi akafurahi naye. Furaha yake ilidumu mpaka siku mbili kabla ya mkutano, mkurugenzi alipomleta mgeni mmoja mwenye suti kuona matangi. Mama Matangi alikuwa anapiga deki kando yao. Mgeni akainama, akamtazama Mheshimiwa kwa muda mrefu, akanyooka ameridhika.

"Kumbe hata konokono anazoea," alisema. "Halafu sisi tunasumbuliwa tupunguze moshi, tubadilishe mitambo. Haraka ya nini?"

Mkurugenzi akacheka kwa adabu. Mama Matangi akadeki mahali pamoja mpaka pakang'aa kuliko kwingine kote.

Jioni, wakiosha vyombo, akamwambia wifi yake.

"Nyamaza," Wifi akasema. "Nani aliwahi kufukuzwa kazi kwa kuponya? Daktari wako atapigiwa makofi, konokono wako wamenona, wewe una mshahara. Unatafuta nini?"

"Lakini Wifi, wale wa baharini, nani anawasagia maganda?"

Wifi akachukua sahani iliyokwisha kuoshwa, akaiosha tena. Katika miaka yote waliyoishi pamoja, ndiyo mara ya kwanza ubishi uliisha bila mshindi.

Asubuhi Mama Matangi akapiga moyo konde. Alimkuta Daktari chumba cha matangi, anapiga picha za Mheshimiwa za kuonyesha mkutanoni. Akatoa kopo mfukoni, akaliweka juu ya kifuniko cha tangi la nne.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "hawakuzoea. Niliwalisha."

Daktari akafungua kopo, akagusa unga, akaelewa kuwa ni maganda ya mayai. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi ya kazi yake yote ilikuwa ndani ya kopo lile. Mama Matangi alitamani atukanwe, maana matusi angeyaweza.

"Kuku wangapi?" Daktari akauliza mwishowe.

"Wanane."

"Kuku wanane, matangi matatu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. "Na mimi nilikuwa naenda kuwaambia watu walale."

"Nilimwonea huruma Mheshimiwa."

"Mchelea mwana kulia, Mama."

"Hulia yeye," akamalizia Mama Matangi, na kweli alikuwa analia.

Mkutanoni Daktari aliyasema yote, na habari ya kuku pia. Watu walicheka sana. Yule mwenye suti hakucheka. Mkurugenzi alitaka mhudumu aondolewe, Daktari akakataa: mtu aliyesema kweli wakati uongo unampendeza kila mmoja hapatikani kirahisi. Ila utafiti ulibidi uanze upya, na masharti yalikuwa mawili. Kila asubuhi mfuko wa aproni ukaguliwe. Na gesi aifungulie Mama Matangi mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza Wifi alikagua mfuko kabla ya Daktari, nyumbani, mlangoni, bila kuombwa. "Usinitie aibu," alisema, akamnyoosha na kola.

Kituoni, maji yote yalikuwa yamebadilishwa. Mheshimiwa alikuwa kiooni, gamba gumu linang'aa, doa jeupe mgongoni. Mama Matangi akadondosha mwani.

"Mheshimiwa, kikao kimeanza."

Naye akaja, kwa muda wake, akaanza kula. Mkono wa Mama Matangi ukaingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Ukakuta kitambaa kitupu. Akausubiri kidogo utoke.

"Nisamehe," akamwambia, kisha akafungulia gesi.